Breki za Bi Mkubwa

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ilianza jana jioni, na leo asubuhi njia ya bondeni haipo tena. Kijito kimebeba zile mbao tulizokuwa tukivukia. Sasa kufika shuleni kwa Chiriku na dukani kwangu kuna njia moja tu, barabara ya kuzunguka mlima. Upande wetu inapanda polepole, upande wa pili inashuka ghafla, pale tunapopaita mteremko wa Mashine kwa sababu ya mashine ya kusaga nafaka iliyoko katikati yake. Chini kabisa kuna kona, na kwenye kona kuna kalvati isiyo na ukingo. Kwa miguu mtoto wa miaka sita hawezi. Wenye pikipiki za kukodi mvua ikinyesha hawaji huku hata uwapigie magoti. Itabidi niendeshe Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni pikipiki ya mume wangu. Alikuwa nayo kabla hajanioa, ndiyo maana akaipa jina hilo, na mimi nikakubali kuwa mke mdogo wa nyumba yenye chuma. Ni kuukuu, ni nzito, ina diski mbele na diski nyuma, na breki zake si kama za pikipiki nyingine. Fundi anaziita breki za undugu. "Ukikanyaga ya nyuma kwa mguu," alinieleza, "ya mbele nayo inaitikia. Ndugu hawaachani, shemeji."

Mwezi uliopita ilimwangusha Baba Chiriku pale pale mteremkoni. Yuko kitandani, plasta imepita goti. Tangu siku hiyo anasema neno moja: gurudumu la nyuma lilishika lenyewe, yeye hakukanyaga. Majirani wanasema ni chupa. Mama yake anasema ni mwendo. Mimi sikusema kitu, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jana fundi ameirudisha, imeoshwa, ina taa mpya. Amesema breki hazina neno. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema kwenye nyumba yenye mgonjwa na mtoto: ninaogopa.

Jumanne, 3 Machi

Tumefika, tumerudi. Chiriku ameongea njia nzima, jina halikukosea. Anataka kujua kama konokono ana breki. Nimeshuka meno yameumana, na nilipofika dukani mshono wangu wa kwanza wa siku ulikwenda upogo.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua kutwa. Salama.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Salama. Nimeanza kujiona mjinga.

Jumatano, 11 Machi

Leo jua limetoka, barabara imekauka, Chiriku akaimba. Tulipomaliza mteremko na kuingia tambarare, Bi Mkubwa akawa mzito. Naongeza mafuta, haendi, kama mtu amenishika shati kwa nyuma. Nikasikia harufu ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Nilipomshusha mtoto shuleni nikainama, nikatema mate kidogo kwenye diski ya nyuma. Yalichemka.

Nimemweleza Baba Chiriku jioni. Akajiinua kwa viwiko, uso ukabadilika. "Ilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Uzito kwanza. Halafu ikashika." Kisha akanitazama muda mrefu, akingoja niseme nimemwamini. Nilimwambia nitampelekea fundi.

Alhamisi, 12 Machi

Fundi wetu anaitwa Fundi Kesho, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Ni rafiki wa mume wangu tangu ujana, gereji yake ni kibanda cha mabati kando ya uwanja, na mikono yake kwa kweli ni mizuri. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu, nikaongea na viatu vyake.

"Fundi, ile breki ya nyuma."

"Imefanyaje, shemeji? Inashika?"

"Inashika! Tena inashika mno. Baba Chiriku alisema kweli."

Viatu vikacheka. "Basi mnataka nini zaidi? Mwenzio jana kaja hapa yake haishiki kabisa, kaingia kwenye banda la kuku."

"Inachemka, fundi. Inanuka."

"Pedi mpya hizo, zinajizoesha. Haya, ilete kesho niitazame."

Jumamosi, 14 Machi

Kesho yake imekuwa leo, si vibaya kwa mazoea yake. Amefungua gurudumu la nyuma, amesafisha, ametoa upepo kwenye mafuta ya breki, akaenda nayo mpaka mwisho wa uwanja na kurudi. Uwanja ni sawa na meza. Alirudi anatabasamu. "Inashika kama mkwe na mahari," akasema.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua kubwa. Salama.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Salama. Wenzangu dukani wanalalamika kuwa nguo hazikauki. Mimi nimeanza kuipenda mvua. Nikisikia bati linapigwa alfajiri, moyo unatulia. Maji yanaipoza ile diski, nadhani. Watu wote mtaa huu wanaomba jua, isipokuwa mimi.

Jumatatu, 23 Machi

Jua. Uzito, harufu, mate yamechemka.

Tumekaa na Baba Chiriku tukafikiri. Breki yenye ugonjwa ni ya nyuma. Ya nyuma inaitwa kwa mguu. Basi tusiiite. "Usiguse mguu kabisa," akasema. "Shuka na ya mkono peke yake, polepole, gia ya chini." Ni maneno ya akili. Ili nisisahau, nimefunga kipande cha kitambaa cheupe juu ya kanyagio. Mguu ukikigusa tu, soli itajua. Nitakibadilisha kila asubuhi kwa vipande vya dukani, mabaki hayaishi.

Ijumaa, 27 Machi

Wiki nzima mawingu na manyunyu. Salama, bila mguu.

Mama mkwe amekuja na mwavuli wake na ulimi wake. Nilipompa shikamoo aliitikia akitazama plasta. "Chuma hakina wazimu," akasema kabla hajakaa. "Wazimu anao anayekiendesha. Na sasa umekikabidhi kwa mkeo, pamoja na mjukuu wangu."

Baba Chiriku hakujibu. Siku zile za mwanzo angejibu. Alipoondoka mama yake, aligeukia ukutani, akasema kwa sauti ndogo: "Labda nilikanyaga kweli. Mtu akishtuka hajui mguu wake umefanya nini." Nilitamani aendelee kubisha. Mtu akiacha kubisha nyumbani kwake, kuna kitu kimekatika.

Jumanne, 31 Machi

Manyunyu. Salama.

Jumatano, 1 Aprili

Sijui nianzie wapi. Chiriku amelala mchana huu, kiwiko kimefungwa bandeji. Mimi ni mzima, nimechubuka paja. Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi ilikuwa na jua kali, la kwanza baada ya siku nyingi. Nilifunga kitambaa kipya juu ya kanyagio kama kawaida. Kilikuwa pembe ya shati la mteja, bado kina mstari wa chaki yangu ya bluu, nikakiweka mstari ukiwa juu. Chiriku alipanda nyuma yangu, mikono kiunoni, akaanza kuniuliza kwa nini mbu hawavai viatu.

Nilianza kushuka gia ya chini. Nikibana ya mkono kidogo, naachia, nabana, naachia. Mguu wa kulia niliuweka pembeni kabisa, vidole vimeangalia nje, kama bata. Nilipofika nyumba ya kwanza nilisikia uzito. Nikajiambia si kitu. Nikabana tena, nikaachia, lakini Bi Mkubwa hakuachia. Harufu ikaja. Mbele yangu niliona paa la mashine ya kusaga, na chini yake ile kona, na kalvati, na maji ya kijito yana rangi ya udongo, yamejaa hadi juu.

Nikataka kusimama. Nikabana ya mkono zaidi. Hapo gurudumu la nyuma likafa. Halikuzunguka tena hata kidogo. Tairi likalia, mgongo wa pikipiki ukaanza kuja ubavuni kwangu, na mimi natazama kalvati kupitia bega langu badala ya kuiona mbele. Nilipiga kelele, "Nishike!" Chiriku alikuwa ameacha kuongea. Nasema ukweli wangu: niliona tumekufa, na niliona aibu, kwamba nimemuua mwanangu nikijua.

Kilichotuokoa ni pumba. Yule mzee wa mashine hurundika magunia ya pumba kando ya barabara kungoja wafugaji, na ile pikipiki ikiwa inaserereka ubavu ubavu ilikwenda kuyapiga magunia, ikalala juu yake taratibu, na sisi tukalala juu yake. Gunia moja lilipasuka. Tulikuwa weupe kama maandazi mabichi. Mwenye mashine alikuja mbio anaita majina ya Mungu yote anayoyajua.

Tulijaribu kuisukuma pikipiki itoke barabarani. Watu wawili wazima, haikwenda. Gurudumu la mbele linazunguka, la nyuma limeganda. Tukaiacha. Mwenye mashine akampa Chiriku maji, akamweka kwenye kizingiti, akamuuliza jina, shule, darasa. Hakujibu hata moja. Mimi nilikaa chini nikiitazama ile diski, ina rangi ya zambarau kwa joto.

Halafu, ilipopoa, nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate. Nikaligusa gurudumu. Likazunguka. Laini kabisa, kama halikuwahi kufanya lolote.

Nilirudi nyumbani naikokota kwa mkono, naisukuma kupanda, mtoto anatembea mbele yangu mahali ninapomwona. Baba Chiriku alikuwa mlangoni kwa magongo. Aliona pumba, akaona bandeji aliyofungwa na mwenye mashine. Akamkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja. Kisha, mume wangu huyu, akaniuliza lile swali ambalo watu wote wamemuuliza yeye:

"Ulikanyaga?"

Nikajua jinsi linavyouma.

Ijumaa, 3 Aprili

Chiriku haongei. Anakula, anatikisa kichwa, anachora. Hajauliza swali hata moja tangu juzi. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimemsukumia Fundi Kesho Bi Mkubwa mpaka kibandani, jasho linanitoka, na nikamwambia mbele ya wateja wake: "Leo hakuna kesho."

Akasikiliza. Akasema kwa upole ambao ulinikera kuliko matusi, "Shemeji, pole sana. Lakini umeshtuka, ukakanyaga. Kila mtu hukanyaga."

Nikamwonyesha kanyagio. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa. Chini yake kina vumbi na pumba. Juu, pale soli inapokaa, mstari wa chaki ya bluu uko vile vile nilivyouchora, haujafutika hata ncha. Chaki ya mshonaji ukiigusa kwa kidole tu inafutika. Alivua kofia, akaugusa. Kidole kikawa cha bluu.

"Sasa nani ameiita?" akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena.

"Ndicho ninachokwambia tangu mwezi jana. Inashika!"

"Uliniambia inashika, nikafurahi."

"Ufurahi nini, fundi? Inashika!"

"Shemeji, kushika ndiyo kazi ya breki! Mtu akiniambia breki inashika, nasema alhamdulillahi, naendelea na mwingine!"

Tukatazamana. Wateja wake wakatazama ardhi. Neno moja, yeye kalisikia kwa mlango wa mbele, mimi nimelisema kwa mlango wa nyuma. Mume wangu naye, alipolala hospitali, alimwambia neno hilo hilo: breki ya nyuma ilishika. Na rafiki yake akamjibu, afadhali ilishika, ingeachia je?

"Haiachii," nikasema pole pole. "Ikishashika, haiachii."

"Haiachii," akarudia, akakaa juu ya ndoo. "Hilo ni neno jingine kabisa."

Jumatatu, 6 Aprili

Fundi Kesho amefungua nyuma yote upya. Hajapata kitu. Pistoni safi, pedi safi, mpira mzima. Amekuja nyumbani mwenyewe kutuambia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alipomwona Chiriku amekaa kimya na kalamu zake, hakumaliza maji aliyopewa.

Mtoto haendi shule. Nimemwambia mwenye duka nitafanya kazi za kushonea nyumbani. Siwezi kupanda kile kitu. Hata kukipita pale gereji nakizungukia mbali.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Nimepata jambo, na ninaliandika haraka kabla sijalipoteza.

Nilikuwa nashona pindo la pazia kwenye cherehani ya nyumbani. Nikageuza kitambaa, chini nikakuta uzi umejikunja vinundu vinundu, mshono mchafu. Bila kufikiri nikapeleka mkono juu, kwenye kile kikaza uzi cha juu, nikakisafisha nyuzi zilizonasa, nikaendelea. Chini pakawa safi.

Halafu nikaacha kukanyaga. Kila anayejifunza kushona hupoteza siku nzima kwenye hili. Anaona uchafu chini, basi anafungua chini, anatoa bobini, anapaka mafuta, anarudisha, na uchafu uko pale pale. Mpaka mtu ampige kofi la mkononi amwambie: uzi ukiharibika chini, tazama juu.

Sisi sote tumekuwa tukifungua chini.

Alhamisi, 9 Aprili

Baba Chiriku alikuja na magongo yake mpaka gereji, mara yake ya kwanza kutoka. Nilieleza habari ya uzi. Fundi Kesho aliisikiliza akitafuna kijiti, hakucheka.

Akaiweka Bi Mkubwa juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likawa hewani. Yeye akawa anabana breki ya mkono, mimi nazungusha gurudumu la nyuma. Abane, aachie, abane, aachie. Likazunguka tu, laini. Baba Chiriku akashusha pumzi, akasema, "Basi. Ni mimi na mke wangu tuliorogwa."

Nilikaribia kulia. Nikasema, "Cherehani nayo haioneshi kosa ikiwa imesimama. Mpaka kitambaa kiwe kinakwenda, kinavuta."

Fundi akapiga magoti mbele, kwenye kile chuma kinachobana diski ya mbele, akakitikisa. Kikacheza. Akakitikisa tena, akatukana kidogo, akaniomba radhi. Kumbe hakikufungwa kigumu, kimeachiwa kicheze makusudi, na nyuma yake kimejificha kipampu kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba, chenye paipu inayokwenda hadi nyuma. Pikipiki ikiwa inakwenda na ukabana ya mkono, gurudumu linakivuta kile chuma, nacho kinasukuma kipampu, na kipampu kinaiita breki ya nyuma. Ikiwa imesimama, hakuna kinachovuta, hakuna kinachoonekana.

"Undugu ni wa pande mbili," akasema Fundi Kesho. "Miaka yote hii nilijua wa upande mmoja."

Akakisukuma kile chuma kwa kiganja, mara moja, kama ambavyo gurudumu lingekivuta. "Zungusha nyuma." Nikazungusha. Zito. Akakiachia. "Zungusha." Bado zito. Akasukuma tena, akaachia. Tena. Mara hii nikaligeuza gurudumu kwa mikono miwili, halikwenda. Hakuna mguu uliogusa kitu. Hakuna aliyekanyaga.

Niliogopa pale pale uwanjani, mchana, chuma kikiwa kimesimama. Kila nilipobana kwa mkono nikidhani naokoa mtoto wangu, nilikuwa naongeza kamba shingoni. Zile siku zote ambazo nilijiona mwerevu kwa kutogusa mguu.

Baba Chiriku alikuwa ameegemea nguzo. Midomo ilikuwa inacheza.

Ijumaa, 10 Aprili

Kipampu kimefunguliwa. Ndani kina vitundu viwili, kimoja cha kupeleka mafuta na kingine kidogo mno cha kuyarudisha unapoachia. Cha kurudisha kilikuwa kimezibwa na uchafu wa miaka, mgumu kama ukoko wa sufuria. Mafuta yanakwenda, hayarudi. Kila ukibana yanaongezwa mengine, yanachemka, yanavimba, hadi gurudumu linakufa. Ikipoa, yanajipenyeza polepole, na fundi anakuta pikipiki haina kosa.

Nikampa sindano yangu nyembamba kuliko zote. Akakataa, itakwaruza. Nikampa uzi wa nailoni, ule wa kushonea vifungo vya makoti. Akaupitisha, ukakwama, akauzungusha kwa vidole taratibu, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Ukatokea upande wa pili. Nimemwona fundi yule akifunga macho.

"Mimi ndiye niliyewarudishia," akasema. "Mara mbili." Nikamwambia anywe chai.

Jumatano, 15 Aprili

Mafuta ya breki yamebadilishwa yote, ya zamani yalitoka meusi kama chai ya rangi. Mipira mipya imepatikana. Imefungwa. Mvua inanyesha, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze naomba jua, kwa sababu mvua haiwezi kunionyesha ukweli. Naomba jua na ninaliogopa.

Jumamosi, 18 Aprili

Jua.

Nani atashuka? Baba Chiriku akasema yeye, na plasta yake. Fundi Kesho akasema yeye. Nikasema mimi, kwa sababu Jumatatu atakayempakia mtoto ni mimi, na sitampakia kwenye kitu ambacho mtu mwingine amenihakikishia. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kwa shari, alikaa kizingitini kwetu, akampakata Chiriku.

Fundi alitangulia, akasimama kwenye magunia ya pumba pamoja na mwenye mashine, kama watu wanaongoja mpira. Nilikuwa juu peke yangu. Nikashuka. Nikabana mkono, nikaachia. Nikabana, nikaachia. Nikabana hata pasipohitajika, makusudi, kwa hasira, nikisikiliza uzito. Nilipita nyumba ya kwanza. Nilipita mashine, sikumwangalia mtu. Kona. Kalvati. Nikasimama pale ninapotaka.

Mikono haikukubali kuachia usukani, ilibidi niiamrishe kidole kwa kidole. Nikaiweka juu ya stendi, nikazungusha gurudumu la nyuma. Likaenda. Likaenda, likaenda, nikalitazama hadi likasimama lenyewe. Nikapanda tena juu, nikarudia. Mara ya tatu Fundi Kesho alikuwa analia wazi wazi na mwenye mashine anampiga mgongo.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimempakia Chiriku. Aliukumbatia mgongo wangu mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, na moyo wake niliusikia kwenye uti wa mgongo. Tulishuka kimya. Nyumba ya kwanza, kimya. Mashine, kimya. Kona.

Tulipovuka kalvati akasema, "Mama, samaki wanajuaje kusimama?"

Niliegesha kando nikalia. Akanisubiri, kisha akauliza tena.

Jumanne, 12 Mei

Njia ya bondeni imefunguka, mbao mpya zimewekwa. Hatuitumii. Kila asubuhi, kabla hatujapanda, Chiriku huchuchumaa nyuma ya Bi Mkubwa nami nikakisukuma kile chuma cha mbele kwa kiganja, nikaachia, naye akalizungusha gurudumu na kutoa hukumu. Bado ninaogopa kila nikifika juu ya mteremko. Sidhani hofu hiyo itaisha, na sitaki iishe yote.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua zimekatika. Jana plasta ya Baba Chiriku imetolewa, na mguu wake umetoka mwembamba na mweupe, ametutania kwamba ameukopa kwa mtu.

Leo asubuhi ametoka uani bila magongo, anachechemea, mama yake nyuma yake ameshika mwavuli ingawa hakuna mvua. Akasimama mbele ya Bi Mkubwa kama mtu anayekutana na mke aliyemtoroka. Zamani angeuliza, inashika? Mtaa mzima siku hizi hauulizi hivyo. Hata gereji kwa Fundi Kesho wameacha.

"Inaachia?" akaniuliza.

Chiriku akasukuma chuma cha mbele kwa mikono miwili, akaachia. "Zungusha, Baba."

Akainama kwa shida, akaliwekea gurudumu kiganja, akalizungusha. Likaenda bila mlio. Tulilitazama sote wanne likizunguka, hata mama mkwe, hadi likasimama. Naye hakuinuka. Alibaki pale chini, mkono juu ya tairi, akamwambia mama yake bila kumgeukia:

"Nilisema."

Mama mkwe akaweka mwavuli chini. "Ulisema, mwanangu," akajibu.

Kisha Baba Chiriku akanitazama mimi. Nami nilikuwa na deni la neno hilo tangu kabla ya mvua.

"Ulisema," nikamwambia.